Barua kwa Mukendo: Nchi Isiyoacha Tarehe Ipite Bure

Barua hii inaandikwa Edinburgh, mji mkuu wa Uskoti, na inaelekezwa kwa wazee, akina mama na vijana wa Mukendo mjini Musoma, pamoja na jamaa wa Bunda na Butiama watakaosomewa, ambao wote wanaamkiwa kwa utaratibu wa umri wao: wakubwa shikamoo, na wadogo marahaba, hata kama shikamoo zao bado hazijafika. Kinachoelezwa humu ni desturi moja ya wenyeji ambayo mgeni kutoka Mkoa wa Mara huchelewa kuizoea, nayo ni kwamba Mskoti hakubali tarehe yoyote ya mwaka ipite bila kupewa kumbukumbu yake. Magazeti na redio za huku hutenga nafasi ya kutaja yaliyotokea siku kama hiyo katika karne zilizopita, na orodha hiyo haibagui, kwani vita, malkia aliyekatwa kichwa, mshairi, daraja lililoanguka, jiwe lililoibwa na mbwa aliyefiwa na bwana wake, kila kimoja kina siku yake. Mbwa huyo ataelezwa mahali pake, kwa kuwa asipoelezwa wasomaji wa Mukendo watadhani wanataniwa.

Chanzo cha desturi hii kiko angani kabla ya kuwa vitabuni. Musoma iko karibu na Ikweta, ambako jua huchomoza karibu na saa moja asubuhi na kuzama karibu na saa moja jioni, iwe masika au kiangazi, na katika hali hiyo kalenda hubaki kuwa pambo la ukutani linalogawiwa na wenye maduka mwezi Desemba. Edinburgh mambo ni mengine: mwishoni mwa Desemba jua huchomoza karibu na saa tatu kasoro robo asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi alasiri, ilhali mwezi Juni halizami hadi saa nne usiku, na kumlaza mtoto katika mwanga huo ni kazi inayohitaji mabishano. Mtu anayekaa gizani kwa muda wa saa kumi na saba kila siku hulazimika kutafuta sababu ya kuwasha moto na kukusanya watu, na sababu iliyo rahisi kupatikana ni marehemu mashuhuri. Ndiyo maana Januari, mwezi ambao Mukendo huutumia kutafuta ada za shule, huku ndio uliosongamana sikukuu kuliko miezi mingi.

Mwaka hufunguliwa kwa Hogmanay, jina ambalo Waskoti wameupa mkesha wa tarehe 31 Desemba na ambalo asili yake wataalamu wao bado wanaibishania. Sherehe hii ilinenepa kwa sababu Krismasi ilikondeshwa: baada ya Matengenezo ya Kanisa katika karne ya 16, Wapresbiteri, yaani Waprotestanti ambao kanisa lao huongozwa na mabaraza ya wazee badala ya maaskofu, waliiona Krismasi kuwa mabaki ya Ukatoliki, Bunge la Uskoti likafuta mapumziko yake mwaka 1640, na haikurudi kuwa sikukuu ya umma hadi 1958. Butiama ina haki ya kulijua jambo hili, kwa sababu Mwalimu Julius Nyerere, Mkatoliki aliyebatizwa mwaka 1943, alisoma Chuo Kikuu cha Edinburgh kuanzia 1949 hadi 1952, wakati ambapo tarehe 25 Desemba ilikuwa bado siku ya kazi nchini humu. Mkesha wa mwaka mpya, kinyume chake, una kanuni zisizopuuzwa, na iliyo kuu miongoni mwake ni ya mguu wa kwanza, inayosema kwamba mtu wa kwanza kuvuka kizingiti cha nyumba baada ya saa sita usiku ndiye huleta bahati ya mwaka mzima, na kwamba mtu huyo afaa awe mwanamume mrefu mwenye nywele nyeusi, aliyebeba kipande cha makaa ya mawe, mkate mtamu au wiski. Inasemekana nywele za rangi ya dhahabu ziliogopwa kwa sababu ziliwakumbusha wenyeji maharamia wa Kinorwe waliokuwa wakifika kwa mashua kupora. Mwanamume wa Mara aliyehamia katika mtaa wenye wazee wanaoshika mila hii hugundua kwamba amezaliwa na sifa zote zinazotakiwa, na nyingine za ziada, hivyo usiku huo milango humfungukia kwa wingi ambao hatauona tena hadi Desemba ijayo. Hii ni mojawapo ya nafasi chache za Uskoti zinazojazwa bila kuulizwa uzoefu wa miaka miwili. Tarehe 2 Januari nayo ni siku ya mapumziko, ingawa majirani zao wa England siku hiyo wako kazini, na sababu yake huonekana kwa macho mitaani, ambako hakuna mtu.

Wapo wasioridhika na mwaka mpya mmoja. Uingereza ilipobadili kalenda mwaka 1752, tarehe 2 Septemba ilifuatwa moja kwa moja na tarehe 14, na siku 11 zikatoweka. Wakazi wa Burghead, kijiji cha pwani ya kaskazini-mashariki, wanaendelea kuudai mwaka wao wa zamani kwa kubeba pipa la lami linalowaka na kulizungusha mitaani kila tarehe 11 Januari, yaani usiku wa kuamkia Siku ya Mapinduzi ya Zanzibar. Msomaji asicheke haraka, maana Makunduchi, kusini mwa Unguja, husherehekewa Mwaka Kogwa, mwaka wa jua wenye asili ya Uajemi, kwa kupigana kwa migomba na kuchoma kibanda cha makuti, tena mwezi Julai, wakati ambapo hakuna baridi ya kuisingizia.

Siku tatu baada ya pipa hilo huja zamu ya mbwa. Tarehe 14 Januari 1872 alikufa Bobby, mbwa mdogo mwenye manyoya mengi, ambaye inasimuliwa kwamba alilinda kaburi la bwana wake katika uwanja wa kanisa la Greyfriars, Edinburgh, kwa miaka 14, na ambaye mwaka uliofuata alijengewa sanamu inayosimama hadi leo karibu na lango la uwanja huo. Watalii humsugua pua sanamu wakiamini inaleta bahati, pua imeng'aa, na wenyeji hulalamika kwamba imani hiyo si ya kwao na kwamba pua inaharibika. Katika nyumba nyingi za Mara mbwa huitwa anapohitajika kulinda mifugo na kufukuzwa anapokaribia chungu, na hata aliye mwaminifu kupita wote hazikwi kwa kutajwa tarehe. Barua hii haisemi ni jamii ipi iliyokosea, ila inaona haja ya kuwatahadharisha wanaopanga kuja kusoma kwamba mzaha juu ya mbwa huyu haupokelewi vizuri.

Kilele cha mwezi ni tarehe 25 Januari, siku aliyozaliwa Robert Burns mwaka 1759 katika kijiji cha Alloway, magharibi ya nchi. Burns alikuwa mwana wa mkulima, akalima bila mafanikio, akaandika mashairi kwa lugha ya watu wa kawaida, na miaka yake ya mwisho akawa ofisa wa ushuru, hadi alipofariki tarehe 21 Julai 1796 akiwa na umri wa miaka 37. Wafanyabiashara wa Barabara ya Mukendo wataona ajabu kwamba mtoza ushuru hufanyiwa karamu kila mwaka, kwa zaidi ya karne mbili, na watu wanaolia kwa mapenzi. Katika karamu hiyo chakula ndicho mgeni rasmi: haggis, yaani moyo, ini na mapafu ya kondoo yaliyosagwa pamoja na nafaka iitwayo oti, vitunguu, mafuta na viungo, kisha kuchemshwa ndani ya tumbo la kondoo huyo huyo, huingizwa ukumbini kwa zumari la mfuko wa ngozi huku waalikwa wamesimama, halafu mtu mwenye kisu huisomea haggis hiyo shairi ambalo Burns aliitungia, na kuipasua. Wageni kutoka nchi nyingi hugeuza nyuso wakisikia mapishi hayo. Mtu aliyelelewa kwa kichuri, mchuzi mchungu wa matumbo unaopendwa na Wakurya, huomba aongezwe, na jambo pekee linalomshangaza ni kwamba matumbo yamepigiwa muziki na mpishi hakupigiwa.

Funzo la kitaalamu katika karamu hii liko katika historia yake. Marafiki tisa wa Burns waliokula karamu ya kwanza mwaka 1801 waliifanya tarehe 21 Julai, siku aliyofariki; chama cha wapenzi wake mjini Greenock kilipotaka kuhamia siku ya kuzaliwa, mwaka 1802, kilifanya sherehe tarehe 29 Januari, kisha ikabainika katika daftari la parokia kwamba marehemu alizaliwa tarehe 25. Hawakufedheheka. Walisahihisha tarehe, wakaendelea kula. Hapa ndipo Mtanzania hubanwa na dhamiri, kwa sababu Shaaban Robert, mshairi aliyeanza ajira yake kama karani wa forodha, kwa hiyo mtu wa ushuru kama Burns, alizaliwa karibu na Tanga tarehe 1 Januari 1909, siku ambayo Tanzania nzima tayari iko mapumzikoni, na ambayo wali na kuku vimeshapikwa. Gharama ya kumkumbuka ni ya kusimama na kumtaja tu kabla ya kunawa mikono, lakini taifa hunawa.

Jumanne ya mwisho ya Januari, Lerwick, mji mkuu wa visiwa vya Shetland, huadhimisha Up Helly Aa, sherehe ya kukumbuka asili ya Kinorwe ya wakazi wake, ambapo karibu watu elfu moja wenye mienge huandamana wakiwa na mashua ya mbao iliyoundwa na kupakwa rangi kwa miezi kadhaa na mafundi wa kujitolea. Wanawake na wasichana waliruhusiwa kuwa miongoni mwa vikosi vya washika mienge wa Lerwick mwaka 2023, baada ya mabishano marefu. Mwisho wa maandamano mashua hiyo, iliyo kamili na isiyo na kasoro, huzungukwa na kutupiwa mienge hadi iwe majivu, na kesho yake ni siku ya mapumziko. Wavuvi wa Makoko na Mwigobero wanaombwa wasome aya hii wakiwa wameketi. Hapana deni lililokuwa likidaiwa juu ya mashua hiyo, haikuvua kwa nyavu haramu, na aliyeichoma ni yule yule aliyeiunda.

Kumbukumbu za kisiasa huhitaji uangalifu zaidi. Wakati Nyerere akiwa mwanafunzi Edinburgh, tarehe 25 Desemba 1950, wanafunzi wanne wa Glasgow waliingia katika kanisa la Westminster, London, na kuchukua Jiwe la Hatima, jiwe la mchanga lenye uzito wa kilo 152 ambalo wafalme wa Uskoti walitawazwa juu yake na ambalo Mfalme Edward I wa England alilipora mwaka 1296. Jiwe lilikatika vipande viwili, polisi wakafunga mpaka wa England na Uskoti, na hatimaye likapatikana tarehe 11 Aprili 1951 katika magofu ya abasia ya Arbroath, mahali palipochaguliwa kwa makusudi, kwa kuwa tarehe 6 Aprili 1320 wakuu wa Uskoti walimwandikia Papa kutoka huko barua ya kudai kwamba nchi yao haitawaliwi na Waingereza. Jiwe lilirejeshwa London, na serikali ilipoamua baadaye kulirudisha Uskoti rasmi, ililiweka ndani ya ngome ya Edinburgh tarehe 30 Novemba 1996, siku ya Mtakatifu Andrea, msimamizi wa taifa hilo. Vivyo hivyo kura ya maoni ya kurudishiwa Bunge ilipigwa tarehe 11 Septemba 1997, ambayo ni miaka 700 kamili tangu William Wallace awashinde Waingereza katika daraja la Stirling. Watanganyika walioupata Uhuru tarehe 9 Desemba 1961 na Jamhuri tarehe hiyo hiyo mwaka 1962 hawawezi kusema hawaujui ustadi huu, na Wahehe, waliorudishiwa fuvu la Mkwawa mwaka 1954, wataelewa kwa nini jiwe linaweza kumtoa mtu machozi.

Aprili ndio mwezi unaochanganya zaidi mtu anayeishi kwa kalenda mbili. Tarehe 7 Watanzania humkumbuka Mzee Karume, tarehe 13 ni kuzaliwa kwa Nyerere mwaka 1922, na tarehe 16 Waskoti hukumbuka Culloden, vita vya mwaka 1746 vilivyochukua muda usiotimia saa moja na kumaliza ndoto za Charles Stuart za kukitwaa kiti cha ufalme, na baada yake sheria ikawakataza wanaume wa nyanda za juu kuvaa kilti, sketi yao ya sufu yenye mikunjo, hadi tarehe 1 Julai 1782. Kushindwa huko hukumbukwa kwa maua na vilio vingi kuliko ushindi wa Bannockburn wa mwaka 1314, kwa maana Mskoti huheshimu sana jambo lililokwenda vibaya. Tarehe 26 Aprili Tanzania hupumzika kwa ajili ya Muungano wa 1964. Tarehe 1 Mei, siku ambayo muungano wa Uskoti na England ulianza kufanya kazi mwaka 1707, hakuna anayepumzika kwa ajili hiyo, na mgeni aliyealikwa chakula anashauriwa asiulize sababu mpaka sahani ziondolewe.

Tarehe hiyo hiyo ya 1 Mei, mwaka 1873, alifariki David Livingstone, mzaliwa wa Blantyre karibu na Glasgow, katika kijiji cha Chitambo kilicho sasa Zambia. Waliobaki kushika hesabu ya siku walikuwa wafuasi wake Waafrika: Chuma na Susi wakausafirisha mwili hadi Bagamoyo, Jacob Wainwright akaandika shajara na kuchonga maneno ya kumbukumbu kwenye mti, na mazishi yakafanyika Westminster tarehe 18 Aprili 1874. Hii ina maana kwamba mojawapo ya tarehe ambazo Waskoti hujivunia ilitunzwa porini na watu ambao wenyewe hawana siku katika kalenda ya Uskoti wala ya Tanzania. Mara nayo ina Mskoti wake asiyelipiwa kodi. Joseph Thomson, aliyezaliwa tarehe 14 Februari 1858 na aliyesafiri Afrika Mashariki akiwa na Chuma kama kiongozi wa msafara, ndiye ambaye swala tomi amepewa jina lake, na makundi ya swala hao hula majani ya Serengeti, ng'ambo ya lango la Ndabaka upande wa Bunda, bila kujua lolote kuhusu siku ya kuzaliwa ya mwenye jina.

Swali linalofuata ni kwa nini tarehe zimejaa huku na kuadimika kwetu, na jibu liko zaidi katika madaftari kuliko katika ukubwa wa matukio. Uskoti iliandikisha ubatizo parokiani kwa karne kadhaa, ikalazimisha uandikishaji wa vizazi, ndoa na vifo kuanzia tarehe 1 Januari 1855, na kuanzia 1861 ikawa inapiga mzinga kutoka ngome ya Edinburgh kila siku saa saba kamili mchana, isipokuwa Jumapili, Ijumaa Kuu na Krismasi, ili mabaharia warekebishe saa zao. Wenye utani husema saa saba ilichaguliwa kwa ubahili, kwa sababu kwa saa za Ulaya hiyo ni saa moja, inayogharimu risasi moja, ambapo adhuhuri ingegharimu kumi na mbili. Watu wa Mara walitunza muda wao ndani ya watoto: Nyerere aliitwa Kambarage kwa jina la mzimu wa mvua kwa kuwa alizaliwa mvua ikinyesha, baba yake alipewa jina la viwavi kwa kuwa alizaliwa mwaka viwavi walipovamia mashamba, na Rorya imejaa akina Okoth wa mvua na akina Odhiambo wa jioni. Utaratibu huo hueleza hali ya hewa kwa usahihi mkubwa, lakini haumwezeshi mtu kujua keki ikatwe lini. Mzee anayejua mwaka tu hujaziwa tarehe 1 Januari au 1 Julai na karani mwenye haraka, na hivyo baadhi ya wazee, bila kuulizwa, wamejikuta wakishiriki siku yao ya kuzaliwa na Bunge jipya la Uskoti, lililofunguliwa tarehe 1 Julai 1999.

Tarehe 14 Oktoba, siku ya kumkumbuka Nyerere, ndiyo pekee ambayo Butiama inayo kwa uhakika na ambayo taifa lote huifuata, na mkoa wenye ziwa, dhahabu, mbuga na ubishi wa kiasi hicho haustahili kuishia hapo. Kwa hiyo ndugu wa Mukendo wanaombwa waketi na bibi na babu walio hai, waulize ni mvua ipi, njaa ipi, meli ipi iliyotia nanga Mwigobero na harusi ya nani, walinganishe majibu na madaftari ya parokia na misikiti, na watume tarehe moja kwa kuanzia. Iandikwe kwa tarakimu, siku, mwezi na mwaka, na ielezwe pamoja nayo ni chakula gani kitapikwa, maana tarehe isiyo na chakula hata Waskoti huisahau.